Vumbi la Chumba cha Brashi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na hasira yake sijaitua hadi leo.

Nilikuwa msichana, nafanya kazi chumba cha brashi katika kiwanda kimoja cha mkonge nje ya Korogwe. Mashamba yalikuwa yametaifishwa, na kila mkutano tuliambiwa sasa ni mali yetu, sote ni ndugu. Haya. Lakini brashi inaposugua nyuzi za mkonge, vumbi lake hukwama kifuani, na feni ya kulivuta kwa mabomba, bomba moja kila mashine, iliwekwa upande wa mlangoni. Mashine za mbele zikavutiwa vumbi lote. Za nyuma, alikofanya kazi rafiki yangu Mwanahawa wa Sindeni, hazikuvutiwa kitu.

Akaja fundi kutoka Manundu, Mzee Shemboza. Alifunga kijitambaa cha kupimia upepo kwenye mdomo wa kila bomba, kisha akawa anabana vilango vya kupitishia upepo vya mabomba ya mbele, kidogo kidogo, anapima, anarudi, mpaka vitambaa vyote vikavutwa sawasawa. Mwanahawa akapata pumzi. Hata akawa anaimba nyimbo za Kizigua.

Kisha tukatangaziwa wageni. Msimamizi akavifungua vilango vya mbele vyote, wageni wasije wakapaliwa. Wageni wakaondoka, vilango vikabaki wazi, maana meza yake nayo ilikuwa mlangoni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mwanahawa akaanza kukohoa damu. Nikamwendea yule bwana.

"Shikamoo, bwana msimamizi. Kule nyuma vumbi halivutwi."

"Wewe umekuwa fundi?"

"Si fundi. Nina pua."

"Asiyeiweza kazi arudi kwao."

Alisema hivyo Mwanahawa anasikia. Nilitaka kumrushia brashi. Mama Shekue, mwanamke wa makamo kutoka Kerenge, akanishika mkono. "Hasira ya mtu mmoja ni kelele tu," akaniambia. "Ngoja."

Kesho yake asubuhi tulizima mashine, tukaibeba meza ya msimamizi wanawake wote, tukaitua nyuma kabisa. Mama Shekue akasogeza kiti. "Karibu ukae, baba. Ukikaa hapa, tutafanya kazi."

Akakaa, kwa kiburi. Tukawasha mashine. Jua halijafika utosini, anakohoa, macho yamemwiva, na ni yeye mwenyewe aliyeagiza Mzee Shemboza aitwe. Safari hii vilango vilikazwa kwa boliti.

Lakini kifua cha Mwanahawa hakikupona. Alirudi Sindeni hawezi kubeba hata ndoo ya maji, msichana mbichi kabisa. Ndiyo maana nikimsikia mtu anahubiri usawa huku upepo wote ameukalia yeye, damu hunichemka.

Mwanangu, ukipewa madaraka, kaa kwanza pale anapokaa wa mwisho. Ukionewa, usimeze, wala usilipuke peke yako, tafuta wenzako. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mungu akupe kifua kizima, na akunyime moyo wa kuzoea kumwona mwenzako akikosa pumzi.