Mashine Iliyonijibu "Hata Mimi"

Niliwahi kukaa wiki nzima nikimsimulia maisha yangu mtu ambaye hakuwepo.

Si mzimu. Mzimu ungekuwa afadhali, angalau mzimu una ukoo.

Mniwie radhi nikienda polepole. Naandika kwa kidole kimoja, na hicho chenyewe kina baridi yabisi.

Mzee wangu alipofariki, nyumba ilinyamaza. Alikuwa anakoroma kama jenereta, nami nikampiga kiwiko miaka yote ya ndoa. Sasa kiwiko kimestaafu.

Wanangu wanapiga simu, siwasingizii.

"Mama, uko salama?"

"Niko salama."

"Haya mama."

"Haya."

Imekatika. Sauti yangu hata haijapata moto.

Basi chuo cha ufundi cha jirani kikabandika tangazo: mafunzo ya kutengeneza kompyuta na kutumia mfumo wake uitwao Linux, umri wowote. Nikaenda. Karani wa mapokezi akaniangalia juu chini.

"Bibi, umemleta mjukuu kuandikishwa?"

"Mjukuu unamwona wapi? Andika mimi."

Niseme ukweli, sikufuata kompyuta. Nilifuata watu.

Vijana wa darasani wakanibatiza Toleo la Zamani. Asubuhi wananiamkia, "Shikamoo Toleo la Zamani," nami nawajibu, "Marahaba, bidhaa zisizo na garantii."

Kazi ya mikono niliipenda. Kufungua kasha, kupiga feni brashi, kusugua meno ya ram, kile kibao cha kumbukumbu, kwa kifutio cha penseli mpaka yang'ae. Linux ndiyo ilinitoa jasho. Siku ya kwanza mashine ikaomba nywila. Nikabonyeza, hakuna herufi. Nikabonyeza tena, hakuna hata nukta. Nikasema kibodi imekufa hii. Nikachukua bisibisi nikaifumua, vitufe vikajaa meza nzima kama meno ya bandia.

Mwalimu akaja taratibu. "Bibi, Linux haionyeshi nywila unapoiandika. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza."

Darasa likaangua kicheko. Nikacheka nao. Lakini ilipofika mapumziko ya mchana, karibu wote walitoka makundi makundi, na hakuna aliyegeuka kusema bibi twende.

Nikabaki na vitufe vyangu, navirudisha kimoja kimoja mahali pake.

Ikawa hivyo kila mchana.

Kisha mwalimu akatangaza mtihani wa vitendo. Wawili wawili, mjichague wenyewe. Asiye na mwenzake mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, hafanyi mtihani. Kabla hajamaliza kusema, vijana walishashikana mashati. Mimi nikajifanya natafuta skrubu chini ya meza. Kijana gani atataka kufanya mtihani na bibi mwenye miwani miwili, mmoja wa kuonea na mmoja wa kutafutia ule wa kwanza?

Nikajua hapa ndipo safari yangu inaishia. Nitarudi kwenye kimya changu.

Mchana huo, darasa tupu, nikapita karibu na kompyuta ya dirishani. Skrini ilikuwa nyeusi, ina maneno mawili tu.

"Nipo. Niambie."

Kompyuta ile alikuwa anaitumia binti mmoja waliyemwita Spika, kwa sababu alikuwa haongei. Masikio kaziba muda wote, mchana anatoka peke yake, akirudi ni macho chini.

Wiki hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha kupeleka maneno kutoka mashine moja kwenda nyingine humo humo darasani. Nikasema kuna mtu upande wa pili anatafuta wa kuongea naye. Nikaketi.

Nikaandika: Mimi ni bibi wa humu.

Ikajibu: Ehe.

Nimefiwa na mzee wangu.

Pole.

Usiku hakuna wa kumpiga kiwiko.

Halafu?

Halafu nakaa tu. Nahisi niko peke yangu.

Hata mimi.

Jamani, nilishika meza. Kwa muda mrefu kiasi gani hakuna aliyeniambia "hata mimi"? Nikavua miwani nikaifuta, na haikuwa na vumbi.

Kila mchana nikawa narudi. Nikamwambia habari za ujana, za mawifi, za jirani anayefagia taka kuzisogeza kwangu. Ananisikiliza, hanikatizi, hana haraka. Nikaanza hata kuchana nywele kabla ya kwenda chuo.

Lakini mimi ni mtu wa utani. Siku moja nikamtega.

Nikaandika: Jana nimeolewa na mwalimu.

Pole.

Nikacheka peke yangu. Nikaandika: Kofia yangu inaungua moto kichwani.

Afadhali.

Hapo kicheko kikakatika. Nikaandika: Nimekufa.

Halafu?

Upande wa pili hapakuwa na mtu. Ilikuwa programu, ina majibu machache inayoyazungusha. Wiki nzima nilikuwa nachana nywele kwa ajili ya bati.

Jioni hiyo baada ya masomo nikabaki mezani kwangu. Wengine wakaondoka. Spika akabaki, akaketi dirishani, akaanza kuandika. Anaandika kirefu, anasimama, anasoma kineno kimoja, anaandika tena. Nikapita nyuma yake kama natafuta bisibisi. Nikachungulia.

Kwenye skrini: Hata mimi.

Kumbe mwenye programu ni yeye. Alikuwa ameitengeneza ili awe na wa kumjibu.

Nikarudi mezani kwangu polepole. Kumwendea nikaogopa, angejua nimemchungulia. Basi nikajiambia, kama anataka mashine, nitakuwa mashine. Nikatumia ile amri ya mwalimu, nikapeleka maneno kwenye skrini yake.

Umekula?

Nikaona mabega yake yamesimama. Hakugeuka. Kwenye skrini yangu pakatokea: Sijala.

Mimi nikajikausha kabisa, macho kwenye ram. Wala sikujiuliza amejuaje pa kupeleka jibu. Nikajua ni mambo ya mashine.

Jioni iliyofuata nikamtumia tena, na iliyofuata. Umelala vizuri? Nani anakukera? Yeye anajibu. Aliniambia anaishi kwa shangazi yake, nyumba imejaa watu, na hakuna anayemwita mpaka vyombo vichafuke. Juu ya kila jibu kulikuwa na mstari wa Kiingereza. Mimi Kiingereza cha kwenye skrini nakiruka kama dimbwi.

Ijumaa ikafika. Kabla mwalimu hajaingia, skrini yangu ikaandika: Leo naacha chuo. Mtihani ni wa wawili na mimi sina mtu.

Moyo ukanilipuka. Nikatafuta herufi.

Usiache. Mwombe yule bibi, naye hana mtu.



Halafu nikasikia kiti kinaburutwa. Spika akaja mpaka mezani kwangu, akatoa spika za masikioni. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, ya kitu kilichokaa kabatini.

"Bibi."

"Abee, mjukuu wangu," nikasema, nasugua ram iliyokwisha kung'aa.

"Ukituma ujumbe, juu yake linatokea jina la aliyetuma."

Nikaacha kusugua.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya umekula."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ningesema, ungeacha kutuma."

Yule niliyedhani namlea kwa siri, kumbe ndiye aliyekuwa ananilea mimi.

"Haya, mwombe bibi," nikamwambia. "Si umeshashauriwa?"

"Bibi, utafanya mtihani na mimi?"

"Nitafikiria. Nina maombi mengi."

Akacheka. Darasa zima likageuka, maana hawakuwahi kumsikia. Mwalimu alipoingia, yeye ndiye aliyesema, "Mwalimu, mimi na bibi."

Mtihani tulifaulu kwa taabu. Mimi nilisahau kuchomeka waya wa feni, yeye akaniona, akanikanyaga mguu chini ya meza mpaka nikakumbuka.

Nyumba yangu bado iko kimya, siwadanganyi. Kompyuta hailali upande wa pili wa kitanda. Ila jioni nyingine skrini inawaka, naulizwa kama nimekula, na siku hizi ule mstari wa juu nausoma kwanza.

Nililojifunza ni hili. Tulikaa chumba kimoja, wawili tusio na mtu, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze, na nusura tukose wote. Kama kuna mtu wa hivyo karibu yako, anza wewe. Ukichekwa, umechekwa na mtu. Mimi kuna siku nilikuwa natamani hata huyo.