Springi Mpya za Safari ya Tanga

Nawasimulia mwenyewe, maana Likoni nzima imeshanicheka. Nilipanga kumpeleka mke wangu Mwanaisha Tanga kwa pikipiki, lakini kila nilipompakia alishuka akitapika. Moyoni niliogopa ugonjwa, nikaona heri nilaumu springi za nyuma zilizokuja nayo kutoka kiwandani.

Nilisitasita: niziache au nizibadilishe? Fundi wangu wa Changamwe alisema bado ni nzima. Sikumsikia. Nikafunga mpya, kisha nikazisifu mbele ya wanaume wa barazani hadi wakachoka nami.

Siku ya kuzijaribu walikuja wote kutazama. Tukazunguka mtaa, pikipiki inateleza kama iko juu ya godoro. Tulipofika mlangoni, Mwanaisha akashuka, akainama ukutani, akatapika.

"Basi, nitatafuta springi nyingine," nikasema.

Mama mkwe akatoka na maji ya kumpa bintiye.

"Mwanangu," akaniambia, "hata ukimpandisha kitanda atatapika. Mkeo ni mja mzito, na barazani pote wanajua ila wewe."

Wanaume wakaangua kicheko. Nikakaa chini pale pale mchangani kwa furaha, nikasema alhamdulillahi.