Anasalimia Watu wa Ng'ambo, Mimi wa Malaba Amenisahau

Mhariri, ficha jina langu kabisa, maana Malaba ni ndogo na watu wana midomo. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, nashona nguo hapa karibu na mpaka. Mchumba wangu ni wa Mundika, yuko chuo kikuu Nairobi, mwaka wa tatu. Upweke unanimaliza.

Mwaka wa kwanza huyu mtu alinipenda hadi redio ikajua. Kila Jumamosi kadi yake ya salamu ilisomwa: Simba wa Mundika anamsalimu Malkia wa Malaba. Hilo jina la Simba nilimpa mimi. Wateja wangu wa Uganda walipiga vigelegele, "Nnyabo, umesikia bwana wako!" Niliona haya, lakini jamani, nilijisikia mtu.

Mwaka wa pili akasema salamu za redio ni za washamba, wenzake wanamcheka. Sawa, tukabaki na barua. Sasa barua nazo zimekwisha. Chuoni wameletewa kompyuta zenye intaneti, wanapanga foleni kuongea na watu wasiowajua. Barua yake ya mwisho ilisema, "Tumia imeli, posta inachelewa." Nikaenda ofisi moja ya mizigo hapa mpakani. Mama wa kuchapa akanihurumia: "Dada, hii kompyuta ni ya kuchapa tu. Haiendi mahali."

Krismasi alikuja. Tukakaa kwa mama yake, akanisimulia juu ya msichana wa Kanada anayeongea naye kwenye kompyuta, vile theluji imemfungia nyumbani, vile mbwa wake anaumwa.

"Na yeye anakuita nani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Simba wa Mundika."

Nilijifanya naenda choo, nikalia huko. Baba yangu alikuwa amelazwa hospitali ya Kocholia wakati huo, na huyu Simba hakuwa ameniuliza hata mzee anaendeleaje. Mbwa wa Kanada alimjua!

Sasa kuna mwalimu aliyekuwa akimpelekea baba uji hospitalini bila kuitwa. Anataka kuleta wazee wake nyumbani mwezi ujao. Mama ananifokea, "Wewe, unangoja nini?" Ni mtu mzuri, simkatai, lakini moyo bado uko kwa yule mwingine, na ninajichukia kwa hilo. Nimemwandikia huyo wa Nairobi barua nyingi kumweleza haya. Kimya.

Wasomaji, ndugu zangu, nishaurini. Nimkubali mwalimu, ama nimngoje mtu ambaye hata nikiolewa, atajua siku atakapoambiwa na wengine?