Pumzi Aliyoificha Baba Zuhura

Haijanitoka ile asubuhi ya Farsta, tulikohamia ughaibuni, mwanangu, miaka ya sabini mwanzoni, nilipomkuta mume wangu amejifungia bafuni anavuta dawa yake ya pumu kwa siri. Kwa siri, ndani ya nyumba yetu wenyewe! Siku hiyo alikuwa anakwenda hospitali kupimwa, na walikuwa wamemwomba asiiguse tangu usiku.

Madaktari walikuwa wanajaribu kama mazoezi ya kupumua yanaweza kutibu pumu, na Baba Zuhura alikubali kuwa mmoja wa wagonjwa wa jaribio lao. Alifundishwa kulala chali, mkono juu ya tumbo, avute hewa puani na kuitoa taratibu mdomoni. Mwalimu wake, Ingrid, alikuwa msichana mpole. Kila wiki alimuuliza, "Unaendeleaje?" Naye akajibu, "Vizuri sana, ahsante." Nyumbani hapandi ngazi bila kushika ukuta.

"Mwambie ukweli," nikamwambia.

"Mama Zuhura, yule binti anajitahidi. Nitamwambiaje hayanisaidii? Sisi hapa wageni, usinitie aibu."

Ndivyo tulivyolelewa. Ukiulizwa hali unajibu njema hata kama una homa, na chakula cha mwenyeji unakisifu hata kikikukwama kooni. Adabu nzuri hiyo, siikatai, ila aliipeleka mahali si pake. Akipuliza kile kifaa cha kupimia, dawa ya bafuni inambeba, vipimo vinatoka vizuri, Ingrid anafurahi. Mwisho daktari akampunguzia vidonge vya pumu, maana mgonjwa amepata nafuu.

Baridi ya mwaka ule hakuimaliza. Pumu ilimkamata akitoka stesheni, na gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameshakata roho.

Ingrid alikuja kunipa pole. Nilipomweleza habari ya bafuni alilia, kisha akakasirika mbele yangu, nami nimo edani. "Kwa nini hakuniambia?" Nikamjibu kwamba kwetu mgeni hamvunji moyo mwenyeji.

"Mimi sikuwa mwenyeji wake," akasema. "Nilimuuliza ili nijue. Mazoezi yangekuwa hayafai, ningeyaacha."

Nilimchukia kwa maneno yale. Hata leo yananiuma, na yananiuma kwa sababu ni kweli. Na marehemu, Mungu amrehemu, bado nina hasira naye. Alimwonea haya msichana wa watu, mimi na mwanawe Zuhura hakutuonea huruma.

Sasa wewe nakusikia unavyokohoa, na nesi akikuuliza unamjibu kwa lugha yao "bra", yaani vizuri, na kicheko juu. Acha hayo. Jirani akikusalimu, mjibu njema, yamekwisha. Lakini anayekuuliza ili akutibu, mwambie panapouma, na dawa yake isipokusaidia mwambie haikusaidii, hata akinuna. Atanuna siku moja tu. Mimi ni mjane tangu nikiwa na umri wako.

Mungu akupe kifua chepesi, mwanangu, na uso mkavu wa kusema kinapobana.