Neno la Siri kwenye Kibao cha Funguo

Bunda walisemaga nina kiburi. Ninacho, na sikukikopa kwa mtu.

Fundi aliyetuletea kompyuta kutoka Mwanza alituachia neno la siri lilelile ambalo ilitoka nalo kiwandani ilikotengenezwa. Mkuu wa ofisi akalifanya kama tulivyokuwaga tunafanya kila kufuli: akaliandika kwenye kipande cha boksi, akakitundika kwenye kibao cha funguo kwa mlinzi, kati ya ufunguo wa stoo na wa choo. Mimi, karani wa kompyuta hiyo, nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kwa neno lile mtu yeyote angeweza kubadili chochote humo ndani, na humo ndani kulikuwa na majina yetu na mwaka ambao kila mmoja alianza kazi.

Serikali ilikuwa inauza viwanda, na chetu cha kuchambua pamba kilikuwa kimeshapata mnunuzi. Watu wangepunguzwa, waliokuja mwisho wakitangulia kutoka. Mwaka wako wa kuanza kazi ndio ulikuwa ugali wako.

Asubuhi moja nikakuta kompyuta inasema shemeji yake meneja, aliyekuja juzi tu kutoka Musoma, ana miaka kumi na miwili kazini. Miaka kumi na miwili nyuma huyo alikuwa anavaa kaptula ya shule. Na yeye akibaki, anatoka mama wa kantini, mjane wa Buswahili mwenye miaka tisa kazini na watoto watano. Nikapandwa na hasira. Nikarudisha mwaka wa kweli kutoka kwenye faili la karatasi, nikabadili neno la siri, nikaliandika, nikalifungia kwenye bahasha yenye lakiri ndani ya sefu. Nikasema liwalo na liwe.

Meneja akaniita. "Binti, nipe hilo neno."

"Liko kwenye sefu, mzee. Saini kitabuni kwamba umefungua bahasha, uandike na sababu."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nataka saini."

Hakusaini.

Orodha niliichapa mwenyewe. Mama wa kantini alibaki, shemeji akatoka. Na mimi nikatoka, maana nilikuwa na miaka miwili tu. Meneja akaliona jina langu, akacheka. "Neno ulikuwa nalo peke yako. Ulishindwa hata kujiongezea miaka?"

"Sikushindwa, mzee," nikamwambia, nikabeba mkoba wangu, nikapita geti kubwa mchana kweupe.