Siku Kompyuta Iliponiozesha Matangani

Jamani, hii nawaambia kwa sababu aibu yenyewe imeshazeeka, lakini nikiikumbuka bado masikio yanapata moto, kwa hiyo msinicheke kabla sijamaliza.

Miaka ya tisini nilikuwa nachapa kazi za watu Homa Bay, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la Bwana Salim, kompyuta moja, printa moja, na mimi niliyejiita mtaalamu (hakuna mwingine aliyeniita hivyo). Kila kitu nilikiandika kwenye editor, programu ya kuandikia maandishi, ile ile niliyojifunzia kuunda programu, na kwa vile kazi nyingi zilikuwa wasifu wa marehemu, nikaamua kuiundia nyongeza yangu: unabonyeza vitufe viwili, orodha ya watoto na wakwe inajipanga na kujihifadhi yenyewe. Kitabu chake cha maelekezo kilisema wazi, kwanza tenga folda ya majaribio, weka humo nakala, usiguse kazi halisi. Diski ilikuwa imejaa, nami nina haraka, nikasema ya nini yote hayo, nikaielekeza nyongeza moja kwa moja kwenye folda ya wateja.

Faili lililokuwa wazi lilikuwa la mzee mmoja wa Kendu Bay. Binti yake Atieno, mwalimu, ndiye aliyeleta karatasi, na alinishukuru kwa upole mno (najua, mtu kafiwa na mimi naangalia macho yake). Nikahitaji jina la kujaribia sehemu ya wakwe, nikaweka langu, Ochola, kando ya lake, nikabonyeza, orodha ikajipanga vizuri ajabu, nikacheka peke yangu na kufunga bila kuhifadhi, nimesahau kabisa kwamba nyongeza ilishahifadhi. Kesho yake nikachapisha bila kusoma.

Jumamosi nikapeleka nakala mwenyewe matangani Kendu Bay, nikakaa viti vya nyuma hemani na shati langu la pasi. Ami yake Atieno akawa anasoma, akafika: Atieno, ameolewa na Ochola wa Homa Bay. Sasa huku kwetu mkwe haingii matangani kimyakimya, anakuja na watu wake na ng'ombe, anapokelewa. Ami akaomba mkwe asimame, na mama mmoja anayenijua kutoka sokoni akaninyooshea kidole, kwa nia njema kabisa. Nikasimama na bunda langu la karatasi.

“Watu wako wako wapi?” ami akauliza. “Na ng'ombe?”

Watu wakaanza kucheka. Atieno akafunika uso. Halafu mjane mwenyewe akainuka, akaja mpaka nilipo, akanishika mkono, akamgeukia binti yake.

“Atieno nyathina, mwanangu, si ungemleta huyu nyumbani, mzee amwone? Alikuwa anauliza kila siku.”

Hapo ndipo niliposikia aibu ya kweli, maana yule mama alikuwa amefurahi.

“Mama, mimi si mkwe,” nikasema. “Mimi ndiye niliyechapa hii karatasi. Nilikuwa najaribu mashine.”

Akauachia mkono wangu polepole.

“Ukajaribia kwa mzee wangu?”

Hakuna aliyecheka tena. Atieno akaniomba kalamu, hakunitazama, akaanza kupita kiti kwa kiti akikata jina langu kwenye kila karatasi, na mimi nimesimama pale pale.

Tangu siku hiyo hata programu ya mistari mitatu naitengea folda yake, na majina ya kujaribia ni ya mboga. Nikiwa na safari ya Kisumu siipiti njia fupi ya Kendu Bay, nazungukia Rodi Kopany na Rongo, mwendo mrefu wa bure, kwa sababu hadi leo sijui nitamwambia nini yule mama nikikutana naye.