Nilifunga tab za mtoto wa ndugu yangu, sasa ni mume wake anaitishwa mbuzi

Admin, nakuomba unifiche kabisa. Watu wa Thika wananijua sana.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tatu, nina mke na watoto wanne, naishi Makongeni. Shule niliachia darasa la sita, lakini kichwa Mungu alinipa. Nikiwa bado kiwandani kuna mashine iliwashinda mainjinia watatu kutoka ng'ambo, wakakaa siku nne wakiiangalia tu. Nilikuja na kikombe cha chai mkononi, nikaigonga mara moja ubavuni, ikanguruma mpaka wakaruka. Redio nimewahi kuitengeneza kwa uma. Kwa hivyo kwa ukoo wetu simu ikizima, laptop ikikwama, mimi ndiye naitwa. Nimeitwa miaka mingi. Saa hii nimechoka, jameni.

Kuna msichana wa marehemu ndugu yangu, nitamwita Wairimu. Ni nesi, ameolewa huko Mugutha, Ruiru, na kijana mpole nitamwita Karis. Tangu baba yake aondoke, mimi ndiye baba. Mwezi uliopita akanipigia simu: "Uncle, hii laptop inanimaliza. Inakwama, feni inalia kama posho mill ya kusaga mahindi, na kuna pastor anahubiri ndani sijui yuko tab gani."

Nikafika. Yeye alikuwa anatoka kwenda kazini, akaniachia laptop na chapati. Nikafungua. Watu wangu, zile tab, hivi vikaratasi hujipanga juu ya skrini ukifungua page nyingi, zilikuwa nyingi mpaka zimekuwa nyembamba kama njiti za kiberiti, huwezi soma hata jina. Na pastor anaunguruma tu. Nikaanza kumtafuta, nafunga moja, nafunga ingine, bado anahubiri. Nikapandwa na hasira, nikasema zote ziende.

Hapo kikatokea kisanduku cha Kizungu kinauliza kitu. Sikusoma. Nitawaambia ukweli kwa sababu hamnijui: Kizungu kirefu mimi hunishinda. Hivyo visanduku maisha yangu yote mimi hubonyeza ndio. Pastor akanyamaza. Halafu ili mashine ikuwe nyepesi kabisa nikafuta na historia yote, vile nilionaga mtu akifanya. Laptop ikawa inakimbia. Nikala chapati nikaenda nyumbani nikijisifu.

Jioni ya siku ya pili Wairimu akapiga simu. "Uncle, ulipomaliza si tab zangu zilikuwa zote?"

Sijui ni shetani gani alinijibia. Nikasema, "Zote, mwanangu! Niliziacha zimejipanga kama askari wa paredi."

Akasema, "Basi ni Karis."

Kumbe kwa tab moja alikuwa na fomu ya kazi ya hospitali huko ng'ambo. Alikuwa anaijaza wiki tatu, akitoka shift anaongeza maneno, na hiyo page haikuwa na mahali pa kuweka kazi nusu, ndio maana hakuwa anafunga. Mwisho wa kuituma hiyo fomu ulikuwa kesho yake. Na Karis hakuwa anataka aende, alishasema mbele ya watu, "Ukienda huko, mimi na mtoto tutakula nini, barua pepe?" Ilikuwa mzaha, lakini sasa ikawa ushahidi. Wakagombana. Wairimu akabeba mtoto, akarudi kwa mama yake, nyumba tatu kutoka kwangu.

Nilienda kwa mama mmoja wa cyber, duka la intaneti hapa Thika, nikamuuliza kana kwamba ni shida ya rafiki. Akaniambia, "Tab ukiifunga kwa makosa unabonyeza Control, Shift na T pamoja, inarudi. Lakini maneno ya fomu mara nyingi hayarudi. Na kama historia imefutwa, hata hiyo tab sahau. Ni nani alifuta historia?"

"Ni huyo rafiki."

"Mwambie asishike mashine ya mtu tena." Akacheka. Mimi nilicheka pia.

Karis naye akanipigia. "Mzee, wewe ndiye unaelewa hizi vitu. Si uwaambie laptop inaweza kufunga tab yenyewe? Naapa kwa mtoto wangu sikuigusa." Nikamwambia nitaangalia. Nitaangalia! Kijana wa watu analia kwa simu, mimi namwambia nitaangalia.

Sasa kikao cha wazee wa pande zote mbili ni Jumamosi hii. Shemeji yangu, mama ya Wairimu, ameniambia, "Shemeji, wewe ndiye utakaa kiti cha ndugu yako. Uwe mkali kabisa, usimwonee huruma." Karis, hata kama anakana, ameitishwa mbuzi ya kuomba msamaha, na anakuja nayo pamoja na wazee wake, kwa kosa langu. Na mbuzi ikichinjwa, mimi ndiye wa kwanza kupewa nyama.

Nimefikiria niseme ni virus. Nimefikiria niwe mgonjwa siku hiyo. Lakini leo asubuhi Wairimu amenitumia message, nimeisoma mpaka naijua: "Uncle, wewe ndiye umebaki wa kuniambia ukweli. Ukisema nimsamehe nirudi Mugutha, nitarudi. Ukisema ni yeye alifanya, sitarudi tena."

Bado sijamjibu. Ile kazi ya ng'ambo ilishaenda, siwezi kuirudisha. Nikisema ukweli, huyu mtoto atajua nilimnyima kazi halafu nikamdanganya. Nikinyamaza, anapoteza na bwana.

Nyinyi mliosoma na mko na wazee kama mimi nyumbani, mnishauri kabla ya Jumamosi. Nimwite kando kwanza nimwambie akiwa peke yake, ama nisimame mbele ya wazee wote, na Karis akiwa anasikia? Nifanye nini? Matusi mpunguze, nimeshajitukana ya kutosha.